Kuitengeneza Baiskeli Imfae Mwenye Upungufu wa Kiungo

Tangu baiskeli ile yenye kikombe kwenye usukani ionekane uwanjani muhula huu, wanafunzi wamekuwa wakija karakana kuitazama, na wazazi watatu wameniletea maswali. Maneno yao ni mbalimbali lakini shina la maswali ni moja: je, mtu aliyepungukiwa mkono au mguu aweza kupanda baiskeli kwa salama, na fundi aanzie wapi? Mhariri ameniomba niwajibu kwa njia ya somo. Wale wa vidato vya juu na wachukue kalamu na karatasi, maana mbele kuna hesabu kidogo.

Kwanza tuitazame baiskeli yenyewe. Humtaka mpandaji wake kazi tano: kupanda na kushuka, kukaa juu yake bila kuanguka, kuikanyaga iende, kuiongoza, na kuisimamisha. Mtu mwenye viungo vyote huzifanya zote kwa pamoja, wala hana habari kwamba ni tano. Aliyepungukiwa kiungo kimoja hashindwi na zote. Aghalabu hushindwa na moja au mbili, na zilizobaki anaziweza kama wewe na mimi. Basi kazi ya fundi ni kujua hasa ni ipi iliyokosa kiungo cha kuifanya, kisha kuihamishia kwenye kiungo kilicho kizima. Fundi anayeanza kwa kuuliza jina la ulemavu hatafika mbali, kwa sababu watu wawili ambao sote tungewaita walemavu wa mguu waweza kuhitaji baiskeli mbili zilizo kinyume kabisa, kama nitakavyoonyesha.

Jambo la pili ni utaratibu. Vijana wa karakana, ukiwapa kazi ya namna hii, hukimbilia pedeli na mnyororo, maana wanafikiri juu ya kwenda. Mimi huwaambia waanze na breki. Baiskeli isiyokwenda haimdhuru mtu, isiyosimama humwua. Baada ya breki washughulikie kushuka, kisha kuongoza, na mwisho kabisa ndipo wafikirie mwendo.

Wala msidhani jambo hili ni jipya. Huko Altdorf, karibu na Nuremberg katika Ujerumani, palikuwa na fundi saa aliyeitwa Stephan Farffler, ambaye hakuweza kutembea. Mwaka 1655 hivi alijitengenezea kiti cha magurudumu matatu, akakiendesha kwa kuzungusha mpini kwa mikono yake. Sasa linganisheni: chombo cha Karl von Drais, babu wa baiskeli zetu, ambacho hata pedeli hakikuwa nacho, kilitokea mwaka 1817. Gari la mlemavu liliitangulia baiskeli kwa miaka zaidi ya 160! Baiskeli za magurudumu matatu za kuzungushwa kwa mikono mnazoziona mjini ni wajukuu wa kiti kile. Zinamfaa sana asiyeweza kutumia miguu yote miwili. Lakini ni pana na nzito, na njia zetu za shamba ni nyembamba. Mtu mwenye miguu yake mizima asipewe chombo kile kwa sababu tu watu wamezoea kukiita baiskeli ya walemavu.

Sasa nije kwenye kazi yetu. Mwenye baiskeli ni binti wa Kidato cha Pili, ambaye mkono wake wa kushoto umekoma kidogo chini ya kiwiko tangu kuzaliwa. Kwao ni kilomita saba kutoka hapa. Alikuwa akitembea, asubuhi akifika somo la kwanza limekwisha anza, na jioni giza likimkuta njiani, jambo ambalo hakuna mzazi wa binti anayelipenda. Kupanda baiskeli alijifundisha mwenyewe, kwa siri, juu ya Phoenix ya kaka yake yenye magurudumu ya inchi 28. Baba yake alipopata habari alimkataza, kisha akafanya jambo la busara: akaikokota baiskeli mpaka karakana.

Nilimwamkia, akaitika, akanyamaza kidogo. "Mwalimu," akasema, "kwenda anakwenda, nimemwona kwa macho yangu. Lakini pale kwenye mteremko wa mtoni, penye daraja, malori yanapita. Asiposimama pale, mimi nitamwambia nini mama yake?"

Mzee yule hajasoma ufundi, lakini alikuwa amekwisha weka kidole mahali penyewe. Akaniuliza kama sioni heri aiuze. Nikamwomba aniachie wiki mbili.

Baiskeli nyingi za namna ile zina breki za vyuma, yaani fito zinazoshuka kutoka kwenye usukani na kuvuta raba zibane rimu kwa ndani. Mkono mmoja huvuta breki ya mbele na mwingine ya nyuma. Binti huyu alikuwa na moja tu, ya mkono wa kulia, ambayo kwa bahati njema ilikuwa ya mbele. Ile ya nyuma ilikuwa ikining'inia bila kazi. Watu watasema breki moja yatosha kwa mwendo wa mtoto. Haitoshi, na sababu ni mbili. Raba ikibana rimu ya chuma iliyolowa hushika vibaya sana, hata wakati wa masika mtu hubana na baiskeli ikaendelea kana kwamba hakubana. Na waya au ufito ukikatika mteremkoni, hakuna wa pili.

Palikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kuondoa fito, kuweka breki za waya, na kuziunganisha zote mbili kwenye mpini mmoja wa kulia. Ni njia nzuri kwa mtu mzima mwenye vidole vyenye nguvu. Lakini kumbukeni somo la nyenzo: nguvu ya vidole ni ile ile, na sasa inagawanywa kwa breki mbili; kila moja hupata nusu. Njia ya pili ni kuihamisha breki ya nyuma kutoka mkononi kwenda miguuni. Nayo ni breki ya kukanyaga kinyume, iliyomo ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu la nyuma. Wengi mmeiona kwenye baiskeli za mitumba zitokazo Ulaya: ukikanyaga mbele unakwenda, ukiacha miguu itulie unateleza, ukikanyaga kurudi nyuma gurudumu linashikwa. Miguu ya binti ni mizima na ina nguvu kuliko vidole vyake mara nyingi. Tena breki hiyo, kwa kuwa imefunikwa ndani ya habu, mvua haiigusi. Tukachagua hii.

Hapa fundi anayetaka kuiga kazi yetu asikilize vizuri. Usihangaike kuhamisha habu peke yake, maana habu nyingi za Ulaya ni za spoki 36, na rimu za nyuma za baiskeli zetu za kizamani nyingi zina matundu 40. Hamisha gurudumu zima. Rimu ikiwa ndogo kidogo kuliko ile ya kwanza haidhuru, kwa kuwa raba za nyuma hazitakuwa na kazi tena. Ziondoe pamoja na fito zake. Kisha utaona kando ya habu kuna kipande cha chuma mfano wa mkono mfupi. Kipande hicho sharti kifungwe kwa kibanio na bolti kwenye fremu, upande wa kushoto. Ndicho kinachozuia mhimili wa habu usizunguke breki inaposhika. Nimewahi kuona baiskeli mjini kimefungwa kwa kamba ya katani. Afadhali mwenye baiskeli hiyo angetembea!

Hata hivyo breki hii ina udhaifu wake: hufanya kazi kwa njia ya mnyororo. Mnyororo ukichomoka, breki imekwenda pamoja nao. Ndiyo sababu hatukuigusa ile ya mbele illa kuitia raba mpya na kuikaza. Zaidi ya hayo, mtu anapofunga breki uzito wake husogea mbele, na gurudumu la nyuma huwa jepesi na kuburuzika. Ukitumia ya nyuma peke yake, kusimama huchukua karibu mara mbili ya nafasi ambayo breki ya mbele ingeitaka. Kwa mteremko wa mtoni zilihitajika zote.

Lakini tulipomjaribu uwanjani tukakuta jambo jingine. Kila alipobana breki ya mbele kwa nguvu, baiskeli iliruka kwenda kushoto. Wanafunzi wakadhani uma wa mbele umepinda. Tukaupima, haukupinda. Sababu ilikuwa katika mwili wa mpandaji, na hapa wa Kidato cha Tatu wakumbuke kanuni ya momenti. Baiskeli inapopunguza mwendo, kiwiliwili kinataka kuendelea mbele, na mikono ndiyo inayokizuia kwa kusukuma usukani. Kwa mwenye mikono miwili, msukumo wa kulia na wa kushoto hushindana na kwisha. Kwa mwenye mmoja, msukumo wote huwa upande mmoja. Tuseme mkono wa kulia unasukuma kwa nguvu ya nyutoni 100, ambayo ni kama uzito wa kilo kumi, na mshikio uko sentimita 28 kutoka katikati ya usukani. Momenti ni 100 mara 0.28, yaani nyutoni-mita 28. Ni sawa na kumtundikia mtu ndoo ya maji ya lita kumi kwenye ncha ya usukani, kisha kumwambia aende sawasawa. Na jambo hilo humpata wakati ule ule anapohitaji kusimama kwa haraka.

Basi dawa yake ilikuwa kuupa mkono mfupi nao kitu cha kusukuma. Ndicho kile kikombe mnachokishangaa. Tulimkalisha binti juu ya baiskeli iliyosimamishwa, wima kama alivyozoea, tukapima nafasi kutoka mwisho wa mkono wake hadi mshikio wa kushoto: sentimita 18. Watu wengi wangemwambia ainame aufikie usukani. Akiinama kushoto kilomita saba kila asubuhi, mgongo wake utapinda kabla hajafika Kidato cha Nne. Tukachukua kipande cha bomba la chuma tukakifunga kwenye usukani kwa vibanio viwili, kikaja nyuma kumlaki. Juu yake tukaweka kipande cha bomba la plastiki la maji machafu, la inchi nne, tulilolipasua na kulilainisha katika maji yanayochemka hata likashika umbo la mkono wake. (Plastiki hii msiilainishe kwa moto wa jiko. Ikiungua hutoa hewa ya kloridi ya hidrojeni, ambayo huchoma koo na mapafu.) Ndani tukaweka sifongo, na juu ya sifongo ngozi laini. Kila alipomaliza dakika kumi za kwanza alitoa mkono tukaitazama ngozi yake. Palipokuwa na wekundu tulichonga na kuongeza sifongo.

Kikombe kile kimeachwa wazi juu na nyuma. Baba yake alipokiona alishauri tuweke mkanda, mkono usichomoke. Nilimweleza, na nawaeleza wazazi wote: kiungo kisifungwe kwenye baiskeli kamwe. Mtu akianguka, baiskeli iende zake naye aende zake. Mkono uliofungwa utavunjika begani.

Kwa siku tatu hakuruhusiwa kutoka uwanjani. Nilichora mistari miwili ya chokaa, mita sita kati yake. Alitakiwa aje kwa mwendo wa mtu anayekimbia, apige breki mstari wa kwanza, na asimame kabla ya wa pili, usukani ukiwa umenyooka. Mara kumi rimu zikiwa kavu, na mara kumi baada ya kumwagiwa maji. Zile kumi za maji ndizo zilizonionyesha faida ya breki ya habu. Siku ya nne tulikwenda mtoni, baba yake akiwa amesimama darajani. Binti akashuka mteremko, akasimama hatua kadhaa kabla ya daraja, akaweka mguu chini. Baba yake akamwambia, "Hebu rudi tena, mama." Akarudi juu akashuka tena. Mzee alimrudisha mara tano, na baada ya mara ya tano akaniuliza kengele zinauzwa wapi.

Kengele tuliiweka karibu na kidole gumba cha kulia, na kioo cha kutazama nyuma upande huo huo. Kuhusu kuonyesha ishara, bahati ilikuwa upande wake. Sisi huku tunapita kushoto, kwa hiyo ishara iliyo ya lazima kuliko zote ni ile ya kuingia kulia, mahali unapokata njia ya magari; na mkono wake mzima ni wa kulia. Kwa kitambo hicho kikombe hushika usukani. Angekuwa amepungukiwa mkono wa kulia, tungemfundisha asimame kando, ashuke, na kuvuka kwa miguu.

Mwenye shaka kwamba mkono mmoja waweza kufika mbali amtazame Sarah Storey wa Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1977 bila kiganja cha kushoto kinachofanya kazi. Alianza kwa kuogelea katika michezo ya Olimpiki ya walemavu mwaka 1992, kisha akahamia baiskeli, na hadi michezo ya Paris mwaka 2024 alikuwa amekwisha pata medali 19 za dhahabu: tano za kuogelea na 14 za baiskeli.

Mambo ya mkono nayaacha hapo, maana wazazi wawili wananingoja kwa habari za miguu. Mmoja mtoto wake ana mguu ulio mfupi kuliko wa pili. Mwingine mtoto wake ana goti lisilokunjika sawasawa. Wote wawili waliambiwa na fundi mmoja wafunge kipande cha ubao juu ya pedeli. Kwa mzazi wa kwanza ushauri huo ni mzuri. Kwa wa pili ni mbaya kabisa.

Mguu mfupi haufiki pedeli inapokuwa chini. Ukiwa umepungua sentimita tano, ubao wa sentimita tano huileta pedeli mahali unapoweza kuifikia, na mambo yamekwisha. Illa ubao hufanya pedeli iwe nzito juu na kupinduka, kwa hiyo tia kizito kidogo cha chuma chini yake. Bora zaidi ni kiatu chenye soli nene, kwa kuwa humsaidia hata akishuka. Goti gumu shida yake haiko chini, iko juu. Pedeli inapopanda, paja na muundi hukunjana, na goti likifikia kikomo chake mwili mzima hunyanyuka kutoka kitini kwa maumivu. Ukiongeza ubao unalikunja goti zaidi. Linalotakiwa ni kupunguza mzunguko wa pedeli wenyewe, yaani kufupisha krenki, kile chuma kinachoshika pedeli.

Tukokotoe. Chukua kijana ambaye paja lake, kutoka nyonga hadi goti, ni sentimita 42, na kutoka goti hadi wayo ni 46. Krenki ya kawaida ina sentimita 17 hivi. Kiti kimewekwa hata pedeli ikiwa chini kabisa nyonga iko sentimita 85 kutoka kwake. Pedeli ikiwa juu, nafasi hiyo hupungua kwa krenki mbili, yaani sentimita 34, na kubaki 51. Tumieni kanuni ya kosaini kwa pembetatu yenye pande 42, 46 na 51. Mtapata pembe ya ndani ya goti kuwa digrii 71 karibu. Kwa kuwa mguu ulionyooka ni digrii 180, goti limekunjwa digrii 109. Mtoto ambaye goti lake hukomea digrii 90 hawezi kuizungusha baiskeli hiyo hata mara moja.

Sasa weka krenki za sentimita 10 pande zote mbili, na upandishe kiti sentimita saba ili chini mguu unyooke kama kwanza. Nyonga iko sentimita 85 kutoka pedeli ya chini, na 65 kutoka ya juu. Kokotoeni tena: goti limekunjwa digrii 85 tu. Amepita, na digrii tano zimebaki akiba! Angalieni kwamba kiti kilichopandishwa kimesaidia sawasawa na krenki. Anayefupisha krenki akaacha kiti pale pale hupoteza nusu ya faida.

Faida hiyo ina bei yake. Krenki ni wenzo. Ukiifupisha kutoka 17 hadi 10, mguu sharti ukanyage kwa nguvu mara 1.7 ili kupata msukumo ule ule. Yapasa basi kulegeza gia. Gia ya mbele yenye meno 44 na ya nyuma yenye meno 18 huipeleka baiskeli ya inchi 28 mbele kwa mita 5.4 hivi kila mzunguko mmoja wa pedeli. Ukiweka friwili ya meno 22, huenda mita 4.4. Miguu itazunguka upesi zaidi na mwendo utapungua kidogo. Mnyororo utahitaji kuongezwa kipande, na gurudumu kusogezwa.

Krenki hufupishwa kwa kutoboa tundu jipya karibu na mhimili. Fanyeni hivyo kwa krenki za chuma kigumu tu, na kazi hiyo apewe fundi wa mashine. Tundu huchongwa hesi ya inchi 9/16, mizunguko 20 kwa inchi. Na krenki ya kushoto hesi yake ni ya kinyume, ili pedeli isijifungue inapozunguka. Kila muhula kuna kijana mmoja anayeharibu krenki ya kushoto kwa kulisahau hilo.

Mwenye mguu wa bandia chini ya goti habari yake ni nyingine tena. Goti lake mara nyingi ni zima, ila wayo hauna hisia, hajui kama umeteleza. Pedeli na ikae chini ya katikati ya wayo wala si chini ya vidole, kwa sababu kifundo cha bandia hakisukumi kama cha mwili. Kishikio chake kiwe ukanda wa mpira wa tyubu, unaozuia wayo usiteleze lakini unaoachia ukivutwa kwa nguvu. Ashuke daima kwa mguu wake mzima, na kwa ajili hiyo baiskeli ya kike, isiyo na chuma cha juu, ni bora kwake hata kama ni mwanamume. Wenzake watakaocheka watazoea.

Na yule anayekanyaga kwa mguu mmoja tu? Hapo ndipo mtakapoona jinsi dawa ya mmoja ilivyo sumu ya mwingine. Mguu mmoja husukuma nusu ya mzunguko. Nusu ya pili baiskeli hujiendea kwa kasi yake yenyewe, na ukanda wa vidole husaidia mguu kuivuta pedeli ipande. Shida iko wakati wa kuanza. Pedeli ikisimama chini kabisa hana mguu wa pili wa kuipandisha. Ni lazima aizungushe kinyume mpaka ifike juu na kupita kidogo, ndipo akanyage. Kwa friwili ya kawaida hilo ni jambo jepesi. Kwa breki ya kukanyaga kinyume, ile tuliyomsifia binti wetu, haliwezekani: akirudisha pedeli nyuma, gurudumu linashikwa. Basi huyu apewe breki mbili za mkono, gia laini, na breki ya kukanyaga aiache.

Kwamba yawezekana, ulimwengu uliona huko Ghana. Emmanuel Ofosu Yeboah alizaliwa mwaka 1977, mguu wake wa kulia ukiwa na kasoro. Aliliandikia barua shirika moja la California linalosaidia wanamichezo walemavu, Challenged Athletes Foundation, hakuomba pesa, aliomba baiskeli. Wakampelekea. Mwaka 2001 akaikanyaga kwa mguu wa kushoto peke yake karibu kilomita 600 kukatiza nchi yake, ili watu waone. Baadaye alipata mguu wa bandia, na mwaka 2005 ikatoka filamu juu yake, Emmanuel's Gift. Mwaka 2006 bunge la Ghana likapitisha sheria ya haki za watu wenye ulemavu, jambo ambalo yeye pia alikuwa akilipigania.

Baiskeli iliyobadilishwa yataka kutazamwa kuliko nyingine. Ya binti wetu huletwa karakana kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi: vibanio vya kikombe, bolti ya breki ya nyuma, mnyororo usiwe umelegea, raba za mbele. Robo saa yatosha, na kazi hiyo sasa anaifanya mwenyewe kwa spana.

Iliyobaki ni kazi yenu. Kijana wa Kidato cha Tatu, aliyeumia goti katika ajali ya pikipiki, analetewa shuleni baiskeli ya mjomba wake. Nimempima kwa kipimapembe cha ubaoni. Paja lake ni sentimita 42, na muundi hadi wayo 46, kama yule wa mfano. Nyonga hadi pedeli ya chini ni 85. Goti lake halikunjiki zaidi ya digrii 75, kwa hiyo krenki za sentimita 10 hazimfai. Zitobolewe sentimita ngapi? Majibu, pamoja na mchoro, yaletwe karakana kabla ya Jumatano. Fundi wa mashine anakuja Alhamisi.